Maneno ya Kazi Katika Uchunguzi wa Kisayansi: Mwongozo kwa Mwanafunzi na Anayemsaidia

Mtihani unauliza: katika jaribio hili, kigeu huru ni kipi? Wanafunzi wengi wanaweza kutaja maana ya kigeu huru bila kukosea neno, lakini wakiwekewa mbele yao makopo matano ya maharage hawawezi kukionyesha kwa kidole. Istilahi za uchunguzi hufundishwa kama msamiati wa kukariri, ilhali kila moja ni jina la kazi inayofanywa kwa mikono, macho na kalamu. Ukiifanya kazi hiyo, jina lake utalikumbuka. Usipoifanya, litakutoka kichwani jioni ya siku ya mtihani.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa madarasa ya juu ya msingi na wa vidato vya mwanzo, pamoja na mzazi, mlezi au mwalimu anayekaa naye mezani. Tutatumia uchunguzi mmoja: maharage na maji. Vifaa vyake havina gharama kubwa, na una mitego mingi kuliko unavyoonekana. Ukihamia kidato cha kwanza na kuyakuta maneno haya kwa Kiingereza, kazi zenyewe zitakuwa zilezile.

KISANDUKU: VIFAA

- Maharage makavu ya aina moja, yaliyonunuliwa pamoja. Utahitaji punje 150. Nunua zaidi ili uondoe zilizovunjika au kutobolewa na wadudu.
- Makopo 15 yanayolingana. Chupa za maji za nusu lita zilizokatwa zinafaa.
- Pamba.
- Bomba la sindano la mililita 10 au 20, jipya na lisilo na sindano, kutoka duka la dawa. Hiki ndicho kipimo cha maji kilicho sahihi kwa bei ndogo kabisa.
- Rula, daftari, kalamu ya wino na kalamu inayoandika kwenye plastiki.

Onyo. Usitumie mbegu zilizopakwa dawa. Mara nyingi hutambulika kwa rangi isiyo ya kawaida, kama waridi, nyekundu au kijani, na dawa hiyo ni sumu. Chupa zikatwe na mtu mzima, kwa sababu kingo zake hukata vidole. Maharage ya jaribio hayaliwi, na mikono huoshwa kila baada ya kuyashika.

Swali la uchunguzi

Kuna maswali mazuri ambayo makopo hayawezi kuyajibu. "Kwa nini mimea huhitaji maji?" ni swali la kwenda nalo maktaba. Swali la uchunguzi ni lile linalotaja mambo mawili: kitu utakachokibadilisha na kitu utakachokipima. Mfano: kiasi cha maji kinachotiwa kila siku kinabadilishaje idadi ya maharage yanayoota ndani ya siku saba?

Lisome tena ulitafute kila jambo. Cha kubadilisha ni kiasi cha maji. Cha kupima ni idadi ya maharage yaliyoota. Muda umetajwa. Swali lisiloonyesha mambo haya lirekebishe kabla hujagusa kopo, maana uchunguzi mwingi wa shuleni huharibika hapa, siku ya kwanza, na mwanafunzi hugundua siku ya kuandika ripoti.

Dhanio na ubashiri

Dhanio, ambalo vitabu vingine huliita nadharia tete, ni jibu la muda unalolitoa kabla ya kujaribu, likiwa na sababu. Ubashiri ni kile unachotarajia kukiona iwapo dhanio lako ni kweli. Wanafunzi huvichanganya, lakini kipo kipimo chepesi: dhanio linaeleza, ubashiri unatabiri.

Dhanio: mbegu huhitaji maji ili ianze kuota, lakini huhitaji na hewa pia, kwa hiyo maji yakizidi hata yakaifukuza hewa, kuota kutapungua.

Ubashiri: kopo lisilotiwa maji halitaota hata punje moja, na kopo linalotiwa mililita 40 kila siku litaota punje chache kuliko linalotiwa mililita 10.

Sharti kubwa la dhanio ni kwamba liweze kukataliwa. "Maji yanaweza kuathiri maharage au yasiathiri" si dhanio, kwa sababu hakuna matokeo yoyote duniani yatakayolipinga. Liandike kwa wino, lipe tarehe, na usilibadilishe baada ya kuona matokeo. Dhanio lililokataliwa na ushahidi si kufeli, na mwalimu anayekata alama kwa sababu hiyo anamfundisha mtoto kughushi.

Vigeu: moyo wa uchunguzi wote

Kigeu ni kitu chochote kinachoweza kubadilika katika jaribio. Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa asiyeelewa vigeu hawezi kubuni jaribio la haki hata akiwa na maabara nzuri. Jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu:

1. Ninabadilisha nini kwa makusudi? Hicho ni kigeu huru. Kwetu ni kiasi cha maji: mililita 0, 5, 10, 20 na 40 kwa siku.
2. Ninapima nini? Hicho ni kigeu tegemezi, maana thamani yake inategemea ulichokibadilisha. Kwetu ni idadi ya punje zilizoota.
3. Ni nini ninachokiacha vilevile kwa makopo yote? Hivyo ni vigeu vinavyodhibitiwa: aina ya maharage, idadi ya punje, ukubwa wa kopo, kiasi cha pamba, mahali yalipo makopo, saa ya kutia maji.

Kigeu huru kiwe kimoja tu. Tuseme umeweka kopo la mililita 5 dirishani kwenye jua na kopo la mililita 20 kabatini. La kabatini likiota zaidi, utasema ni maji, au ni joto, au ni jua lililokausha pamba? Hutajua, na hakuna hesabu itakayokuokoa. Jaribio la namna hiyo hurudiwa tangu mwanzo.

Kisa cha Erasto Mpemba kinaonyesha jambo hili vizuri kuliko mfano wowote wa kubuni. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga. Yeye na wenzake walitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyaweka kwenye friji yagande. Siku moja nafasi ilikuwa finyu. Mwenzake aliweka mchanganyiko wa maziwa ambayo hayakuchemshwa, na Mpemba, kwa kuhofia kukosa nafasi, akaweka yake yakiwa bado moto. Baada ya muda wa kama saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado.

Sasa hesabu vigeu. Maziwa hayo yalitofautiana kwa joto, lakini yalitofautiana pia kwa kuwa ya Mpemba yalichemshwa na ya mwenzake hayakuchemshwa. Tofauti ni mbili, kwa hiyo tukio lile lilikuwa uonaji wa thamani kubwa, ila halikuwa bado jaribio la haki. Mpemba alilielewa hilo. Aliendelea kuuliza, akaambiwa amekosea, akachekwa darasani. Alipokuwa mwanafunzi katika shule ya Mkwawa, Iringa, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alikwenda kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba alimuuliza swali lililosafishwa: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya kiasi kilekile, kimoja kikiwa na nyuzi 35 za Selsiasi na kingine nyuzi 100, vikiwekwa kwenye friji, kwa nini cha nyuzi 100 hutangulia kuganda? Chombo kimedhibitiwa. Kiasi kimedhibitiwa. Maziwa na sukari vimeondolewa. Kimebaki kigeu huru kimoja. Osborne hakulidharau swali hilo. Alilipeleka maabara likajaribiwa, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Ulimwengu unaliita jambo hilo athari ya Mpemba.

Jifunze kwake namna ya kusafisha swali. Chukua uliloliona jikoni au shambani, orodhesha tofauti zote, kisha ziondoe mpaka ibaki moja.

Kundi dhibiti si vigeu vinavyodhibitiwa

Majina haya yanafanana, na kosa la kuyachanganya ni la kawaida sana kwenye karatasi za mitihani. Vigeu vinavyodhibitiwa ni mambo unayoyaweka sawa kwa makopo yote. Kundi dhibiti ni kopo, au makopo, ambayo hayapewi kile unachokichunguza, ili uwe na cha kulinganishia. Kwetu ni makopo ya mililita 0.

Kundi dhibiti lina kazi. Bila hilo mtu anaweza kukuuliza: una hakika gani kwamba maharage hayangeota kwa unyevu wa hewa tu? Hasa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa ina unyevu mwingi, ana haki ya kuuliza hivyo. Makopo ya mililita 0 ndiyo yatakayomjibu.

Amua mapema: "kuota" maana yake nini?

Kabla ya kuhesabu punje zilizoota, kubaliana na wenzako ni lini punje ihesabiwe kuwa imeota. Ikivimba? Ikipasuka ganda? Ikitoa mzizi? Bila makubaliano, wewe utahesabu saba na mwenzako tisa kwenye kopo lilelile. Pendekezo langu: punje imeota iwapo mzizi umetokeza angalau milimita 2. Liandike hilo juu ya jedwali.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi katika uchunguzi jirani, ule wa mwanga na giza. Mche wa maharage uliowekwa gizani hurefuka upesi kuliko ule wa kwenye mwanga. Mwanafunzi aliyeamua kwamba "kukua" ni urefu atahitimisha kuwa giza ni zuri kwa mimea. Kumbe mche huo ni mwembamba, umepauka, majani yake ni madogo, na unatumia akiba ya chakula iliyokuwa ndani ya mbegu bila kutengeneza kipya. Rula haikudanganya. Kilichokosewa ni kuchagua cha kupima.

Hatua za kufanya jaribio

1. Chagua punje 150 nzima. Zichanganye, kisha uzigawe kumikumi bila kuchagua, ili nzuri zisijikusanye kopo moja.
2. Weka pamba ya kiasi kilekile katika kila kopo. Kama una mizani ya jikoni, pima. Kama huna, kata vipande vya ukubwa mmoja.
3. Panga punje 10 juu ya pamba, zisigusane.
4. Andika kwenye kila kopo kiasi cha maji na namba ya marudio: 0-1, 0-2, 0-3, 5-1, na kuendelea. Makopo matatu kwa kila kiasi.
5. Yaweke yote mahali pamoja, penye kivuli, pasipofikiwa na kuku wala watoto wadogo.
6. Tia maji saa ileile kila siku kwa bomba. Soma alama ukiwa umeliinua bomba usawa wa jicho.
7. Hesabu punje zilizoota kabla ya kutia maji ya siku hiyo. Andika papo hapo.
8. Endelea kwa siku saba. Punje ikiota ukungu au ikioza, iache na uandike hivyo; nayo ni data.

Marudio, usahihi na uthabiti

Kwa nini makopo matatu kwa kila kiasi? Kwa sababu kopo moja linaweza kupata punje mbovu kwa bahati tu. Marudio hukuonyesha kama matokeo yanajirudia au yalikuwa ya bahati.

Usahihi ni jinsi kipimo kinavyokaribia thamani ya kweli. Uthabiti ni jinsi vipimo vinavyokaribiana vyenyewe kwa vyenyewe. Vyote viwili huhitajika, na kimoja hakiletwi na kingine. Rula nyingi zina nafasi ndogo kabla ya alama ya sifuri. Ukipima mizizi kuanzia ukingo wa rula badala ya sifuri, vipimo vyako vitakubaliana vizuri na vyote vitakuwa na kosa lilelile. Hilo ni kosa la mfumo, na marudio hayaliondoi hata ukipima mara mia. Kosa la nasibu ni lile linalopanda na kushuka, kama mkono unaotetemeka ukisukuma bomba. Hilo hupunguzwa na marudio na wastani.

Mahali nako kuna athari kwenye kipimo. Maji yanayochemka Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huwa na nyuzi kati ya 94 na 95, ilhali Dar es Salaam hukaribia 100. Kabla hujaandika kwamba kipimajoto ni kibovu, kumbuka ulipo.

Habari ya Mpemba ina fundisho hapa pia. Mwaka 2016 watafiti wawili nchini Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipima upya kasi ya kupoa kwa maji na kusema hawakupata ushahidi kwamba maji ya moto hufika nyuzi sifuri kabla ya maji ya baridi. Walionyesha kwamba kipimajoto kikisogezwa kwa kimo cha sentimita 1 tu ndani ya maji, matokeo yanaweza kuonekana kana kwamba athari ipo. Wengine hawakukubaliana nao, na mjadala haujafungwa. Basi andika kwenye ripoti yako si tu umepima nini, bali umepimia wapi.

Osborne mwenyewe alisimulia kwamba fundi wake wa maabara, alipoona maji ya moto yametangulia kuganda, aliahidi kuendelea kulirudia jaribio mpaka apate matokeo sahihi. Jihadhari na moyo huo. Marudio hufanywa kwa idadi uliyoipanga kabla, na matokeo yote huandikwa.

Data, wastani na grafu

Data ni kumbukumbu za ulichokiona au kukipima, kabla hujazitafsiri. Jedwali lake huwa na kigeu huru safu ya kwanza kushoto, marudio katikati, na wastani kulia. Vizio huandikwa kwenye kichwa cha safu, si ndani ya kila kisanduku.

Tuseme makopo matatu ya mililita 10 yametoa punje 8, 9 na 7. Jumla ni 24, ukigawa kwa 3 wastani ni 8. Kopo moja likitoa 1 huku mengine yakitoa 8 na 9, usilifute. Chunguza: lilisahauliwa maji? lilianguka? Ukipata sababu, iandike kando ya namba. Usipoipata, namba inabaki.

Kwenye grafu, kigeu huru hukaa mhimili wa mlalo na kigeu tegemezi mhimili wa wima. Hakuna haja ya kukariri zaidi ya hapo.

Ulichokiona, unachokisia, unachohitimisha

"Punje sita zimekuwa laini na zinanuka" ni uonaji. "Zimeoza kwa kukosa hewa" ni makisio, yaani maelezo unayoyajenga juu ya ulichokiona. Yanaweza kuwa ya kweli, lakini jaribio hili halikupima hewa. Tenganisha mawili hayo kwenye daftari. Piga mstari katikati ya ukurasa, kushoto uandike uliyoyaona, kulia unayoyakisia.

Hitimisho hujibu swali la mwanzo, kwa ushahidi ulioupata, bila kuvuka mipaka yake. Ulijaribu aina moja ya maharage, kwenye pamba, kwa siku saba. Usiandike kwamba "mimea yote" hupenda mililita 10. Andika: katika jaribio hili, maharage haya yaliota zaidi kwa kiasi fulani cha maji, na dhanio limeungwa mkono au limekataliwa. Neno "imethibitishwa kabisa" liache. Uchunguzi mmoja wa makopo 15 hauna nguvu hiyo.

KISANDUKU: MAKOSA YANAYOGHARIMU ALAMA

- Kuandika "maji" kama kigeu huru badala ya "kiasi cha maji kwa siku". Kigeu hutajwa kwa kinachopimika.
- Kuandika "kuweka kila kitu sawa" bila kutaja vitu vyenyewe. Taja angalau vitatu, na jinsi ulivyovidhibiti.
- Kujaza jedwali nyumbani kwa kumbukumbu.
- Kunakili data za jirani ili zifanane. Tofauti kati ya makundi ndiyo inayowapa cha kujadili.
- Kurudia matokeo na kuyaita hitimisho.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUKABIDHI RIPOTI

☐ Swali linataja ninachobadilisha na ninachopima.
☐ Dhanio lina sababu na lina tarehe ya kabla ya jaribio.
☐ Kigeu huru ni kimoja.
☐ Kundi dhibiti lipo na kazi yake imeelezwa.
☐ Nimeeleza maana ya "kuota" niliyoitumia.
☐ Kila kipimo kina kizio.
☐ Data zote zipo, hata zisizopendeza.
☐ Hitimisho linajibu swali, na limetaja udhaifu mmoja wa jaribio.

Kwa mzazi na mlezi: mtoto akikuuliza kwa nini maharage ya kopo fulani yameoza, usimpe jibu haraka hata kama unalijua. Muulize ni kitu gani kimoja angekibadilisha ili kujua, kisha mpe kopo na nafasi ya kuliweka. Na wewe mwanafunzi, maharage haya yakiisha, tafuta swali la kwako mwenyewe hapo nyumbani au njiani kuelekea shuleni, liandike leo, na kesho mwonyeshe mwalimu vigeu vyake.